Andikeni kwa Kiarabu, na mtie majina yenu: barua ya wazi kwa madaktari wa meno wa Omani na nchi za Kiarabu

Kwa madaktari wa meno, walimu wa vyuo vya meno na wakuu wa wizara za afya, Omani na kwingineko katika nchi za Kiarabu.



Naandika kuhusu kurasa za Kiarabu za mtandaoni zinazomweleza mgonjwa habari za meno yake. Nyingi hazina mwenyewe. Hazisemi nani kaandika, lini kaandika, wala kayatoa wapi hayo anayoyasema. Pale palipo na jina, mara nyingi ni jina la kliniki inayouza kitu kilekile kinachosifiwa. Nyinyi mnaoujua ukweli wa mambo haya mnauandika kwa Kiingereza, katika majarida ambayo mgonjwa hayaoni, na hata akiyaona hayamfai kitu. Hilo ndilo lalamiko langu, na yote nitakayoyasema yanatoka hapo.

Nimechagua Kiswahili kwa sababu wengi wenu hapa Omani mmekulia ndani yake. Nyinyi ni watoto na wajukuu wa waliotoka Unguja, Pemba na Mombasa, na mnapokwenda kuwaamkia wazee siku ya Idi hamuwaamkii kwa Kiingereza. Tena Kiarabu hakisomwi na Waarabu peke yao. Vijana wetu wa Zanzibar, Lamu na Mombasa wamesoma Madina, Cairo na Khartoum, wakarudi na lugha hiyo, na ndio wanaowafasiria wazee yale wanayoyakuta kwenye simu. Kosa lililoandikwa Riyadh au Amman leo, kesho linasomwa kwa sauti kwenye baraza ya Ng'ambo, Unguja, na anayelisoma analiamini kwa kuwa limeandikwa kwa Kiarabu. Mimi ninaishi Muscat, na jamaa zangu wakipata maradhi mimi ndiye ninayeitwa niwasomee. Ninachokieleza hapa ndicho ninachokutana nacho.

Kurasa nzuri zipo, na haki yake nataka niitaje. Shirika la Afya Duniani huchapisha kwa Kiarabu, kwani ni mojawapo ya lugha sita rasmi za Umoja wa Mataifa, na ofisi ya shirika hilo ya kanda ya Mashariki ya Mediterania iko Cairo. Saudi Arabia ina ensaiklopidia ya afya ya Kiarabu yenye jina la Mfalme Abdullah bin Abdulaziz, kazi kubwa na ya heshima. Lakini mtu anayeumwa jino haendi kutafuta ensaiklopidia. Anaandika maneno mawili matatu ya Kiarabu cha nyumbani kwake, anabonyeza kinachotokea juu, na kinachotokea juu aghalabu ni cha aliyelipia kitokee.

Kuzipima kurasa hizi si jambo la kubahatisha. Mwaka 1997 jarida la JAMA la Marekani lilitaja mambo manne ambayo ukurasa wowote wa tiba haupaswi kuyakosa: jina na sifa za mwandishi, vyanzo vya maelezo yake, tarehe ya kuandikwa na kusahihishwa, na nani anayeumiliki na kuugharamia. Mwaka 1999 likachapishwa dodoso la DISCERN, kazi ya watafiti wa Oxford, lenye maswali 16. Hilo linakwenda mbali zaidi. Linauliza kama mgonjwa ameelezwa faida na hatari za kila tiba, kama ameambiwa kuna njia nyingine, na kama ameambiwa nini kitampata akikaa bila tiba yoyote. Watafiti wa nchi zenu wamevichukua vipimo hivyo wakakagua kurasa za Kiarabu kuhusu ugonjwa wa fizi, saratani ya kinywa na usafi wa meno ya bandia. Picha iliyojitokeza ni ya ubora wa chini au wa wastani, na tarehe, vyanzo na majina ya waandishi ni miongoni mwa vinavyokosekana mara kwa mara. Tafiti zenyewe zimeandikwa kwa Kiingereza. Aliyedhulumika na kurasa hizo hajaambiwa kwamba amedhulumika.

Nitatoa mfano mmoja kwa urefu, kwa sababu niliuona kwa macho yangu.

Jino la ukubwani likitoka zima kwa ajali, mzizi na vyote, la kufanya linajulikana na wala halina mzozo. Lishikwe upande wa kutafunia, mzizi usiguswe wala usisuguliwe. Likiwa na mchanga lisuuzwe taratibu kwa maziwa au kwa mate ya mtoto mwenyewe, lirudishwe tunduni palepale, mtoto aume kitambaa safi, kisha mbio kwa daktari. Kama hapana mwenye moyo wa kulirudisha, litiwe ndani ya kikombe cha maziwa. Lisikauke. Chembe hai zilizo juu ya mzizi zinakufa kila dakika jino linapokaa kavu, na saa moja ikipita hivyo, matumaini ya jino kushika tena kama zamani ni madogo. La utotoni halirudishwi, maana linaweza kuliharibu la ukubwani linalokuja chini yake. Maneno hayo yote yanaenea kwenye kioo cha simu bila kushusha kidole.

Mtoto wa majirani zetu alianguka na baiskeli, jino la mbele likatoka. Mama yake alilifunga kwenye karatasi laini, akafungua simu, akatafuta kwa Kiarabu, nami nikasimama kando yake nikisoma. Ukurasa wa kwanza ulianza na aya ndefu kuhusu thamani ya tabasamu katika maisha ya mtoto. Ikafuata picha ya mtu mwenye koti jeupe, hana jina. Ikafuata sifa za kupandikiza jino la bandia, jambo ambalo mtoto wa umri ule hafanyiwi kwa sababu taya lake bado linakua. Namba ya WhatsApp ya kuweka miadi ilijitokeza kila baada ya aya mbili. Maziwa yalitajwa mwisho kabisa, mstari mmoja, nao ulitanguliwa na ushauri wa kulisafisha jino vizuri ili kuua vijidudu. Mama akaenda kulisugua jino bombani. Tulipofika kliniki daktari alimpokea mtoto kwa upole na akafanya lililokuwa ndani ya uwezo wake, ila wakati ulikuwa umeshapita.

Ukiusoma ukurasa ule mezani kwako, ukiwa umetulia, utauona wa kawaida. Una vichwa vya habari, una Kiarabu sanifu, hauna matusi wala uchawi. Lakini aliyeuandika hakumfikiria mama mwenye jino la mwanawe mkononi. Alitaka namba yake ya simu ionekane.

Biashara ndiyo iliyoshika kalamu, na mahali inapoonekana wazi kuliko pote ni kwenye lile linaloitwa tabasamu la Hollywood. Kutoka Beirut hadi Dubai, na katika safari za meno za kwenda Istanbul zinazotangazwa kwa Kiarabu, kijana wa miaka 20 mwenye meno mazima anaonyeshwa picha za kabla na baada, anatajiwa bei na anaahidiwa weupe wa kudumu. Haambiwi kwamba meno yake yatachongwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002, mnaoujua nyinyi vizuri, ulipima ni kiasi gani cha jino kinachoondoka: kwa vipande vyembamba vya kauri vinavyobandikwa mbele, kati ya asilimia 3 na 30 ya uzito wa sehemu ya jino iliyo juu ya ufizi, kwa kofia kamili, kati ya asilimia 63 na 72. Enameli ikishaondoka hairudi. Kauri nazo zina umri wake, na kijana aliyeanza na miaka 20 atakuwa anazibadilisha maisha yake yote, kila mara jino lililo chini likizidi kupungua. Lile swali la DISCERN la nini kitatokea usipotibiwa lina jibu moja tu kwa kijana huyu: halitampata lolote. Nimetafuta jibu hilo kwenye matangazo ya Kiarabu na sijaliona.

Pembeni mwa biashara kuna khofu, na khofu hizi zinanunua nafasi yake bila hata ya fedha. Inasemwa kwamba kusafishwa ugaga kunayalegeza meno na kuacha mianya. Mwanya ulikuwepo, ugaga ndio uliokuwa umeuziba huku ukiula mfupa. Abu al-Qasim al-Zahrawi wa Andalusia, aliyefariki karibu mwaka 1013, aliandika kwa Kiarabu namna ya kukwangua ugaga, akachora vyombo vya kukwangulia na akataka kazi irudiwe mpaka meno yawe safi. Miaka elfu imepita, na anayesoma lugha ileile anaonywa asikwanguliwe. Inasemwa pia kwamba kila mimba huchukua jino la mama, na kwamba mjamzito asimkaribie daktari wa meno hadi ajifungue. Mtoto hachukui madini kwenye meno ya mama yake. Fizi zinazotoka damu wakati wa mimba zinatibika, na matibabu ya meno yanawezekana mimba ikiwepo, hasa katika miezi ya kati. Nimewaona wanawake waliovumilia jipu la jino miezi mitano kwa sababu ya aya moja isiyo na mwandishi.

Karafuu naijua, ni zao la kwetu. Iliyopandwa Unguja na Pemba enzi za Sayyid Said imo kwenye kila ukurasa wa Kiarabu wa dawa za jino za nyumbani, na wala si bure: ina eugenoli, ambayo nyinyi wenyewe mnaichanganya na oksaidi ya zinki mkaziba jino kwa muda. Ila mafuta yake makali yasiyozimuliwa huunguza ufizi, na mtoto mdogo akiyameza yanaweza kumdhuru ini. Hilo haliandikwi. Haliandikwi pia kwamba kutulia kwa maumivu si kupona, kwamba tundu linaendelea kuchimba. Na ndimu na magadi soda ya kung'arishia meno? Enameli huanza kuyeyuka pH ikishuka chini ya 5.5 hivi, na maji ya ndimu yako karibu na 2. Anayesugua ndimu kwenye meno kila usiku anayamenya.

Juu ya floraidi nitasema machache. Kuna video na kurasa zinazoiita sumu moja kwa moja. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa ya meno yenye floraidi katika orodha yake ya dawa muhimu. Kiasi kinachofaa ni sehemu 1,000 hadi 1,500 kwa milioni, na mtoto wa chini ya miaka mitatu anatosheka na chembe ya ukubwa wa punje ya mchele. Kikizidi kwa miaka mingi utotoni meno yanaweza kutia madoa, na hilo nalo mtu aambiwe, maana mzazi akifichwa jambo moja ataacha kuamini na mengine. Wengine wanapendekeza mswaki wa mti uchukue nafasi ya yote. Mti huo ni sunna, una faida zilizochunguzwa, na Shirika la Afya Duniani liliwahi kuhimiza utumiwe na watu waliouzoea. Anayeutumia aelezwe namna ya kuufikisha nyuma ya meno na upande wa ulimi, na asisugue pahala pamoja mpaka ufizi ukashuka. Nani wa kumweleza kwa Kiarabu chepesi, kama si nyinyi?

Kila Ramadhani jambo jingine linarudi. Watu wanaahirisha kuzibwa na kung'olewa meno mwezi mzima kwa kukhofia saumu, na wakitafuta mtandaoni wanakuta majibu ishirini yanayopingana, mengi hayasemi ni ya nani. Akademia ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha kumi Jeddah mwaka 1997, iliyataja miongoni mwa yasiyofunguza: kutoboa jino, kuling'oa, kusafisha meno, kupiga mswaki, mradi mtu asimeze kinachofika kooni. Azimio hilo lipo kwa Kiarabu. Ukurasa mmoja ambao daktari na sheikh wameutia saini pamoja ungewaondolea adha watu wengi sana, na ungeokoa meno ambayo kufikia Idi huwa hayaokoki tena. Sijui kazi rahisi zaidi ya hiyo katika yote ninayoyaomba.

Sasa nije kwenye saratani. Yemen na mkoa wa Jizan wa Saudi Arabia watu huweka shamma kati ya shavu na ufizi. Sudan huweka tumbaku iitwayo toombak. Na hapa Omani kuna afdhal inayouzwa kwa siri kwa vijana. Kwetu Pwani kuna ugoro na tambuu ya tumbaku. Kinywa cha Jizan kinajulikana katika tiba kwa wingi wa saratani, na shamma inatajwa kama sababu kuu. Lakini kurasa nyingi za Kiarabu nilizozisoma kuhusu saratani ya kinywa zinazungumzia sigara na pombe. Zimefuata maandishi ya Ulaya na Marekani, ambako hizo ndizo hatari kubwa. Mzee wa Jizan asiyevuta wala kunywa anausoma ukurasa huo hadi mwisho, anamshukuru Mungu kwamba hayumo, na anarudisha shamma mahali pake. Doa jeupe lisilofutika, kidonda kisichopona kwa wiki mbili, uvimbe usiouma: hizo ndizo ishara, na saratani hii ikiwahiwa ina tiba. Ingeandikwa kwa jina la kitu anachokiweka mdomoni, angejitambua.

Na lipo jambo la Sudan linalotuhusu moja kwa moja sisi wa Afrika Mashariki. Mtoto mchanga anapoharisha na kupata homa, fizi zake zenye vichuguu vya chonge zinazokuja hulaumiwa. Sudan huita haifat. Tanzania tunasema meno ya nailoni au ya plastiki. Uganda husema ebiino. Mganga huvichimbua vijino hivyo kwa kisu au sindano ya moto, bila ganzi. Mtoto anavuja damu, anapata maambukizi, wengine wanakufa, na kuhara kulikokuwa kunataka maji ya chumvi na sukari kunaendelea palepale. Wanaobaki hai hukua na chonge zilizoharibika au zisizoota kabisa. Tangu Aprili 2023 vita vimewatawanya Wasudani na kufunga hospitali zao, na kwa mama aliye kambini simu ndiyo daktari wa kwanza. Anahitaji ukurasa wa Kiarabu cha Kisudani unaomwambia kwamba vichuguu vile ni meno tu. Ukiandikwa, mimi na wenzangu tutajua la kufanya nao, maana Dodoma na Kigoma nako wapo mama wanaohitaji maneno hayohayo.

Kwa nini mambo yamefikia hapa? Sababu moja naiona vyuoni. Ukiacha Syria, ambako tiba hufundishwa kwa Kiarabu, vyuo vingi vya meno vya nchi za Kiarabu vinafundisha kwa Kiingereza. Oman Dental College ya Muscat, iliyoanza mwaka 2006, ni hivyo. Sipingi. Elimu ya meno ya leo imeandikwa kwa Kiingereza na daktari lazima aifuate iliko. Lakini daktari anayemaliza miaka yake yote bila kuandika ukurasa mmoja kwa lugha ya mgonjwa wake, akikutana naye kitini anababaika: anajua jambo kwa kina na hana namna ya kulisema. Akiandika makala ya utafiti anapandishwa cheo. Akiandika karatasi nzuri ya mgonjwa kwa Kiarabu, hapati hata ahsante. Lugha yenye wasemaji zaidi ya milioni 400 ina kiasi cha asilimia 1 tu ya kurasa za mtandao, kama inafika, na nafasi iliyoachwa wazi imejazwa na wenye bidhaa.

Mtaniambia mgonjwa aje kliniki, asijitibu kwa simu. Ni kweli, na ukurasa mzuri ndio unaomleta. Uvimbe wa taya unaoshuka shingoni, homa, kushindwa kumeza au kufungua kinywa, pumzi kubana: mtu huyo anatakiwa awe hospitali usiku huohuo, na aliyemwambia kwamba antibayotiki za dukani zitamtosha anaweza kuwa amemuua. Saudi Arabia ilikaza kamba mwaka 2018 kuhusu antibayotiki kuuzwa bila cheti cha daktari, hatua njema. Kurasa zinazowatajia watu majina ya vidonge na idadi ya kumeza zimebaki palepale.

Wengine mtasema Kiarabu cha tiba ni kigumu kwa watu wa kawaida. Vipimo vya wepesi wa kusoma vilivyozoeleka, kama kile cha Flesch cha mwaka 1948, vilitungwa kwa Kiingereza kwa kuhesabu silabi, na Kiarabu huandikwa bila irabu fupi, kwa hiyo hesabu inapotoka. Mwaka 2016 kilitolewa kipimo cha OSMAN kwa ajili ya Kiarabu chenyewe. Kitumieni. Au mchukueni bibi mmoja asiyemaliza shule, msomeeni ukurasa kwa sauti, kisha mwambieni aueleze kwa maneno yake. Akieleza visivyo, andikeni upya.

Ninachokitaka kwa vyuo ni kwamba hakuna mwanafunzi wa meno anayepewa shahada kabla hajaandika maelezo ya mgonjwa kwa Kiarabu, yakapitiwa na mwalimu na kusomwa na wagonjwa halisi, na yakatolewa hadharani yakiwa na majina yao wote. Miaka mitano tu ya darasa moja ingeacha hazina kubwa. Kwa wizara, nataka ukurasa wowote wa kliniki yenye leseni yenu uonyeshe jina la daktari, tarehe, vyanzo, na tamko la wazi kwamba mwenye ukurasa ndiye anayeuza tiba hiyo. Mna mamlaka juu ya leseni. Hamuhitaji sheria ya dunia nzima. Taasisi ya Health On the Net ya Geneva, iliyokuwa ikitoa muhuri kwa kurasa za afya za lugha nyingi, ilifunga kazi mwishoni mwa mwaka 2022. Msingoje mwingine atoke Uswisi. Kwa vyama vya madaktari wa meno, wapandisheni vyeo na kuwatuza wanaowaandikia wagonjwa, kama mnavyowatuza wanaowaandikia madaktari wenzao.

Na fanyeni haraka, kwa sababu programu za akili mnemba zinazomjibu mtu kwa Kiarabu zimejifunza kwa maandishi yaliyomo mtandaoni. Ukurasa wa tangazo uliokosa jina jana ulikuwa na namba ya simu, ukaweza angalau kujua unatoka wapi. Leo maneno yake yanarudi katika jibu lililonyooka, la adabu, lisilo na mwenyewe kabisa. Mashine haiwezi kutoa Kiarabu sahihi cha meno ambacho hakuna aliyekiandika.

Wasomaji wa Kiswahili mnaoijua lugha hii, nanyi nina neno kwenu. Msikisambaze kwenye makundi ya simu kisicho na jina la mwandishi wala tarehe, hata kikianza kwa bismillahi. Waulizeni walioandika. Waandikieni kliniki muwatake majina.

Nanyi madaktari, nawaahidi jambo moja. Nileteeni ukurasa wa Kiarabu uliotiwa saini, wa jino lililong'oka, wa uvimbe wa taya, wa saumu, wa shamma au wa haifat, nami nitautia Kiswahili bila malipo, majina yenu yakiwa juu yake, usomwe Unguja, Pemba, Lamu na Kigoma. Nasubiri ukurasa wa kwanza.

Wabillahi tawfiq.

Msomaji wenu, Muscat